Umbali Kwanza

Shemeji yangu alikuwa dereva wa gari la mikate, na sijapata kumwona mtu aliyeogopa vitu vya karibu kama yeye. Mbwa mkali akiwa ng'ambo ya barabara hakumtisha hata kidogo. Panya akichomoza ghafla chini ya meza, anapanda juu ya kiti, mtu mzima na ndevu zake. Dada yangu, mkewe, alimcheka mpaka machozi yakamtoka.

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu ni kuwasogelea watu nikiwa na wembe mkononi, kwa hiyo woga wake niliuona wa kitoto, na nilimwambia hivyo. Baadaye nilielewa ulikotoka. Shemeji alilelewa na shangazi yake, na miaka yote ya utoto hakuna aliyegundua kwamba haoni mbali. Walimu walimwita mzembe, wenzake wakamwita Kipofu, naye alidhani dunia iko hivyo kwa kila mtu: ukungu, ukungu, halafu uso wa mtu umekusimamia puani. Miwani aliipata akiwa kijana mwenye masharubu, alipokwenda kupimwa macho ili apewe leseni. Alipotoka nje akaona mwanamke anakuja kutoka mwisho kabisa wa barabara, akasimama kumtazama mpaka yule mama akamuuliza kama ana shida. "Shemeji," aliniambia, "kumbe mtu anakuja polepole! Mimi nilidhani watu hutokea tu."

Dada yangu alikutana naye kabla ya hiyo miwani. Shemeji alimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Dada alikuwa msichana bado, amejipamba, anaelekea kwenye sherehe. Hakumsamehe hata baada ya kuolewa naye. Wakigombana, mume akianza kujieleza, yeye anamjibu tu, "Marahaba, mwanangu," na ugomvi unaishia hapo.

Mchezo wetu wa Jumapili shemeji aliuokota kwa muuza vitabu chakavu. Kilikuwa kitabu kisicho na jalada, kinaeleza namna watu wanavyoweza kukaa mezani na kucheza hadithi. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaelezea wenzake nchi, mito na madudu yake. Wengine kila mtu anajichukulia nafsi yake, mwindaji, mganga au mwizi, na kusema anachofanya. Pale ambapo hakuna ajuaye litakalotokea, zinarushwa dadu. Wasafiri wakiwa njiani, msimulizi hurusha dadu kuona kama watakumbana na kitu wasichokitarajia, na kama ndiyo, ni kitu gani. Kitabu kilieleza hayo yote vizuri. Lakini ukurasa wa kusema kitu hicho kinaonekana kikiwa umbali gani haukuwepo. Bila shaka ulikuwa umeshafungia karanga za mtu.

Mwingine angesema basi, simba katokea, piganeni. Shemeji hakuweza. Alikaa na pengo lile wiki nzima, halali vizuri, dada ananilalamikia, kisha akatunga kanuni zake mwenyewe.

Tulicheza Jumapili mchana, kwenye stoo ya unga ya kiwanda cha mikate, juu ya makreti yaliyopinduliwa. Tulikuwa wanne. Shemeji ndiye msimulizi. Mimi nilikuwa mwindaji. Mwokaji wa tanuri alikuwa mganga, na mara nyingi mganga huyo alikuwa amesinzia. Wa nne ni Muuzaji, mama aliyezunguka na shemeji garini kugawa mikate madukani, mwenye sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. Yeye alikuwa mwizi, na aliifurahia kazi hiyo kuliko ilivyomstahili mama wa watu.

"Mnatembea kwenye nyasi ndefu," shemeji anasema, anarusha dadu. "Kuna simba."

"Namchoma mkuki!" nasema mimi.

"Subiri, shemeji. Umbali kwanza."

"Sasa simba katokea, wewe unatupimia kiwanja?"

"Utamchomaje mtu usiyejua yuko wapi? Umbali kwanza." Anarusha tena. Uwandani alirusha dadu nyingi, kwa kuwa jicho linafika mbali. Msituni alirusha chache. Kwenye ukungu mbili tu. "Hatua kumi na nne."

"Ametuona?" anauliza Muuzaji.

Hilo ndilo lilikuwa swali la pili, na Muuzaji alilimiliki kama kiti chake. Kwanza umbali, halafu nani kamwona mwenzake. Kama nyinyi mmemwona naye hajawaona, mna nafasi. Kama mmebeba taa, yeye amewaona zamani, kwa sababu mwenye taa huonekana kabla hajaona. Mpaka hayo mawili yajibiwe, hakuna aliyeruhusiwa kutikisa hata kidole. Nilikuwa nikipandwa na hasira za kweli. Mara moja nilirusha dadu ukutani. Shemeji aliziokota chini ya magunia, akazifuta unga, akaniambia neno alilokuwa akiliambia kila mtu, hata mabinti zake wakitaka kuvuka barabara: "Kitu hakikuui kwa ukubwa wake. Kinakuua kwa ukaribu wake."

Niseme pia habari ya hatua zenyewe, maana ndizo zilizotuponza. Ubao wetu ulikuwa karatasi ya kuokea iliyochorwa miraba. Mraba mmoja tuliuita hatua moja, na shemeji alikata shauri kwamba ni mwendo wa mtu anayekimbia kabla mwenzake hajajibu: mita tatu. Aliipima uani kwa kamba ya kufungia makreti, akatusimamisha huku na huku ili tuizoee kwa macho. Tulizoea kweli. Ikafika mahali mimi na yeye na Muuzaji tunapita mtaani, tunamwona mtu tunayemdai, mmoja anasema "hatua saba", na sote tunajua ni wapi.

Barabarani alikuwa hivyo hivyo. Mbele ya gari lake aliacha nafasi ya kupitisha harusi nzima, madereva wengine wanamtukana, wanamchomekea, na yeye anarudi nyuma tena kuwaachia. Muuzaji alisema wakiwa safarini walicheza kidogo ili wasisinzie. Kitu kikionekana mbele, ng'ombe, baiskeli, jiwe, shemeji anataja hatua, naye anauliza kama kimewaona. Walicheka. Mikate ilifika. Mpaka siku ya ajali alikuwa hajawahi kukwangua hata kioo cha pembeni.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu, alfajiri inaanza kupambazuka, lami imelowa. Kwenye kona ya tangi la maji kulikuwa na mfagiaji wa barabara, mwanamke, ameinama anazoa taka alizokusanya. Gari la mikate likamgonga. Alifia palepale, shemeji amempigia magoti anamwita "mama, mama", na Muuzaji anapiga mayowe ya kuita watu. Mikate ilitapakaa barabarani, na sitawasahau waliokuja kuiokota kabla ya kumwangalia maiti.

Shemeji alishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo. Polisi walipomhoji, alirudia tu kwamba alimwona. Aliachiwa kwa dhamana. Alikaa sebuleni kwa dada kama mgeni ambaye hajakaribishwa, miwani mkononi, haivai. Mabinti walimpelekea chakula naye akawashukuru kwa adabu, na kusema kweli adabu ile iliniumiza kuliko kama angelia.

Siku moja dada aliingia kinyozini mbio, nina mteja nusu kichwa. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mdogo wangu, tumepona! Wakili kasoma maelezo ya Muuzaji. Muuzaji kawaambia polisi kwamba mume wangu alimwona yule mama akiwa hatua kumi. Wakili anasema hatua kumi ni kama mita saba, na hakuna dereva chini ya jua anayeweza kusimamisha gari kwenye mita saba za lami iliyolowa. Hana kosa!"

Wembe nilikuwa nao bado hewani. Nikauweka chini. Kinyozi hajinyoi, na siku ile sikuweza hata kumnyoa mwingine. Hatua kumi. Hatua kumi za nani?

Nilimfuata Muuzaji dukani. Alikuwa anapanga mikate na hakugeuka.

"Waliniuliza umbali," alisema. "Nikawaambia alichosema yeye. Alisema hatua kumi."

"Hatua zipi?"

"Hawakuniuliza hatua zipi."

Mpaka leo sijui kama aliteleza au alifanya makusudi, na sikumuuliza tena. Mimi mwenyewe nilishaamua. Nina dada mmoja, na wapwa wangu hawana baba mwingine. Yule mama alikuwa ameshazikwa, na kumfunga shemeji kusingemfufua. Kama Mungu ameamua kwamba polisi na sisi tutumie neno moja kwa maana mbili, mimi nani nimsahihishe? Nilijisemea hivyo na nikalala usingizi mzuri.

Dada alitaka ahadi. Usiku wa kuamkia kesi angekosa ujasiri, kwa hiyo aliidai mchana, mbele yangu, sahani hazijaondolewa mezani.

"Wakili kasema una haki ya kukaa kimya. Ukae kimya. Niahidi."

Shemeji alinitazama mimi. "Wamesikia hatua kumi, shemeji."

"Wamesikia walichosikia," nilimjibu.

"Niahidi," alisema dada. "Mimi sijawahi kukuomba kitu tangu uniite shangazi."

Alitabasamu kidogo, yule bwana. Akasema, "Nimekuahidi, mke wangu." Alimaanisha, naamini hivyo.

Chumba cha mahakama kilikuwa kirefu na kimejaa. Shemeji alikuwa kizimbani na miwani yake, ameivaa siku hiyo. Mume wa marehemu alikaa benchi la mbele, mtu mrefu mwenye koti lililokuwa limemzidi, mikono ameiweka magotini. Muuzaji alitoa ushahidi kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Hatua kumi, alisema. Mkaguzi wa magari akasema breki zilikuwa nzima, mwendo haukuwa mkali, na kwa umbali huo ajali isingeepukika. Mwendesha mashtaka hakuwa na la kuuliza. Dada akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, nilikuwa na furaha.

Wakili wetu alikuwa mtu wa mbwembwe. Angeweza kukaa chini, na leo shemeji angekuwa nyumbani kwake. Badala yake aliomba ruhusa ya kumwonyesha mheshimiwa hakimu hatua kumi ni nini. Akasimama ubavuni mwa kizimba, akaanza kutembea, moja, mbili, tatu, kwa sauti, viatu vinalia sakafuni. Hatua ya kumi ikamfikisha mbele ya mume wa marehemu. Akageuka, akanyoosha mikono.

"Hapa, mheshimiwa. Gari lilikuwa pale, na mama huyu alikuwa hapa. Nani angesimama?"

Nikamtazama shemeji. Alikuwa amekaza macho pale alipo wakili, midomo inacheza, na nikaijua ile sura. Ni sura yake ya Jumapili, mtu anapotaka kuchoma mkuki kabla ya wakati. Nikaomba moyoni, nyamaza, nyamaza, ndugu yangu, wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Si hapo," alisema.

Wakili akajifanya hakusikia. Hakimu alisikia. "Mshtakiwa, unasemaje?"

"Hapo ni karibu mno, mheshimiwa. Si hapo. Hatua zangu kumi zinapita huo mlango. Zinafika nje, kwenye lile gari la polisi."

Watu wote wakageuka kutazama mlango. Ulikuwa wazi, na gari la polisi lilionekana uani, mbali, dogo, askari mmoja ameliegemea anakula muwa.

Wakili aliomba muda wa kuzungumza na mteja wake. Shemeji akasema hahitaji muda. Akaeleza. Hatua ya Muuzaji ni hatua ya mezani, na hatua ya mezani ni mita tatu, aliipima mwenyewe kwa kamba. Hakimu akauliza meza gani. Akaeleza mchezo, dadu, wasafiri, simba. Watu wakacheka. Alisubiri wamalize, kwa ile adabu yake, akaendelea. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamka usingizini.

"Kwa hiyo ulimwona akiwa mita thelathini."

"Ndiyo."

"Kwa mwendo wako, ungeweza kusimama?"

"Ningesimama, na nafasi ingebaki."

"Ulipomwona ulifanya nini?"

"Nilisema, hatua kumi."

"Halafu?"

"Muuzaji akaniuliza kama ametuona."

"Halafu?"

"Nikaangalia ameelekea wapi, ili nimjibu." Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili. "Alikuwa ametupa mgongo. Nikasema, hajatuona. Ndipo nikafunga breki."

Hakuna aliyecheka tena. Muuzaji alikuwa amejifunika uso na khanga yake, mabega yanatikisika. Na mimi, niliyekuwa na majibu ya kila kitu, nilielewa kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinamla siku zote zile sebuleni. Mtu aliyeogopa vitu vya karibu alikuwa amepewa cha mbali, mapema, mchana unakuja, na akautumia ule muda mdogo aliopewa kukipima.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya shemeji yangu ilikuwa mita thelathini, na mwisho wake ni gereza. Alihukumiwa miaka mitatu. Hakimu alisema amezingatia ukweli wake, vinginevyo ingekuwa zaidi. Nilitaka kumrushia kiatu.

Dada hakulia. Siku ile shemeji alipokiri, wakati anapelekwa rumande, alipita karibu yetu, akafungua mdomo kumwambia mkewe neno. Dada akageuza uso. "Aliniahidi mbele yako," aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja ahadi, akaondoka peke yake kwa miguu.

Mimi nilibaki uani nimesimama kama mti, nina hasira na kila mtu: na wakili na viatu vyake, na Muuzaji, na shemeji kuliko wote. Ukweli wa namna ile wausemao ni watu wasio na watoto wa kusomesha. Ndipo mume wa marehemu akanijia. Nilijua anakuja kunipiga, na sikusogea, maana nilihitaji mtu wa kupigana naye.

"Wewe ni ndugu yake?" aliuliza.

"Ni shemeji yangu."

Alitikisa kichwa kama anayekubali. Alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Tangu tumzike waliniambia haikuwezekana," alisema. "Polisi waliniambia. Majirani waliniambia. Kwamba ukungu ulikuwa mzito, dereva alitokewa naye ghafla, hata angekuwa nani asingesimama. Sikukubali haraka. Nilikaa macho usiku mwingi. Lakini mwisho nikakubali. Nikaanza kula. Hata kulala nilikuwa nimeanza."

Nikazilegeza ngumi nilizokuwa nimekunja.

"Leo naambiwa kulikuwa na nafasi." Aligeuka akalitazama lile gari la polisi, kisha mlango wa mahakama, kisha gari tena. "Yote hii. Sasa nikifumba macho nitakuwa naiona hii. Kwa nini amenipa mimi hii?"

"Sijui," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

"Bora asingeniambia," alisema. "Angefungwa au asingefungwa, kwangu ingekuwa mamoja. Asingeniambia tu." Akafunga vifungo vya lile koti kubwa, akanipa mkono wa kuagana, nami nikaupokea. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akatoka getini bila kugeuka.

Dada hakwenda kumwona mumewe gerezani kwa muda mrefu. Nilikwenda mimi. Tulizungumza tukiwa tumetenganishwa na wavu, askari anapitapita. Nilidhani nitamkuta amekwisha. Alikuwa amekonda, ndiyo, na kichwa wamemnyoa vibaya mpaka nikaona aibu kwa niaba ya kazi yangu, lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo. Bado ana hasira."

"Ana haki. Mwambie nasema shikamoo, shangazi." Alijaribu kucheka. "Wanangu?"

"Wanasoma. Wadogo hao, wanazoea."

Akasogea karibu na wavu, karibu kuliko kawaida yake.

"Shemeji, humu ndani napata usingizi. Nalala kama mtoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya yule mume wa marehemu. Kila nilipomfikiria amekaa pale mbele na lile koti lake, anadanganywa, nilikuwa siwezi kupumua. Mke nimemuua mimi, halafu nimnyime hata kujua ilivyokuwa? Sasa najua kwamba hakudanganywa. Hilo ndilo linanipa moyo, hilo peke yake." Akanitazama kupitia ile miwani, macho makubwa, anangoja. "Anajua ilivyokuwa. Si ndiyo? Anajua."

Askari aligonga wavu kwa rungu, muda umekwisha.

"Anajua," nilimwambia.